Bwana Disii Aenda Nchi ya Mvinyo

"Watu wote wa Handeni, wanaume kwa wanawake, mlio hapa na mlio safarini, mnatangaziwa kwamba Serikali imepata nchi ya mvinyo."

Muhidini, karani mkuu wa boma, aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama ngazini, kwa sauti ile ile anayosomea habari za kodi na chanjo ya ng'ombe. Waliokuja na kesi zao walisikiliza wamekunja mikono. Kakuta, Mmasai mmoja aliyekuwa akifuatilia shauri la ndama, akauliza kama nchi hiyo mpya nayo italipishwa kodi.

"Hilo linafikiriwa," akajibu Muhidini.

Halikuwa linafikiriwa hata kidogo, lakini mtu aliyeshika tangazo la Serikali hawezi kusema hajui. Akaikunja karatasi, akarudi ndani.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Ilikuwa miaka ile ya vita ya Hitla, meli zinazamishwa baharini kila kukicha, na Wazungu wa Serikali wakaambiwa hakuna tena livu, ile likizo ya kwenda kwao kupumzika. Bwana Penfold, Bwana Disii, yaani mkuu wa wilaya ya Handeni, alilipokea agizo hilo kishujaa. Mkewe hakulipokea. Memsabu alikuwa amezoea tangu usichana kwenda katika mji mdogo wa Wafaransa, mashamba ya zabibu mpaka milangoni, kila nyumba na pipa lake, na jioni watu wote, mwenye mali na mchunga punda, wanakaa uwanjani wanakunywa na kutaniana. Handeni kulikuwa na jua, vumbi, na mumewe. Alikuwa hajacheka tangu vita ianze, na watoto wake wawili walikuwa wameshaanza kumwiga.

Bwana Disii aliona huo ni upungufu wa kiutawala.

"Muhidini," alisema, "tafuta nchi ya mvinyo. Iwe karibu. Na iwe na mji mdogo."

Muhidini alikuwa mtu wa swala tano, pombe hajapata kuitia mdomoni. Hata hivyo alitafuta. Aliuliza matarishi, akauliza wachuuzi wa kuku, mwisho akaenda kutoa taarifa.

"Bwana, zabibu hazipo. Handeni hata maji tunayasikia kwa watu. Lakini ng'ambo ya mto, upande wa Korogwe, kuna mahali panaitwa Magoma. Wanalima miwa, wanatengeneza boha."

"Boha ni kitu gani?"

"Pombe ya miwa, bwana. Mimi nasimulia tu, sijaionja."

"Maji ya mmea, yamechachushwa, katika vyombo, na wakulima wenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi huo ni mvinyo. Andika."

Muhidini akaandika. Kisha akasogea hatua moja.

"Na lile ombi langu la livu, bwana. Binti yangu Mwantumu anaolewa kwetu Kabuku, Ijumaa hiyo hiyo unayotaka kuwa Magoma. Na mimi ndiye baba."

"Wakati wa vita hakuna livu, Muhidini."

"Ndiyo, bwana. Na safari ya Magoma?"

"Hiyo si livu. Hayo ni mapumziko."

Muhidini aliiandika tofauti hiyo pia, ili asiisahau.

Nyumbani tofauti hiyo isingemsaidia kitu. Kwa kawaida baba ndiye anayemshika mkono bwana arusi, akatamka mbele ya shehe kwamba amemwozesha binti yake. Baba asipofika, anashika ndugu yake. Na ndugu wa Muhidini alikuwa Semboja, mtu ambaye tangu utoto kila alipomshikia mwenzake kitu, hata kipande cha muhogo, alikitangaza miaka kumi. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba Semboja kashona koti jipya.

"Baba Mwantumu," mkewe alimwambia, huku akifunga mzigo wake wa kutangulia Kabuku, "mimi sikuamrishi. Lakini siku Semboja akimwozesha mwanangu na wewe u hai, huyo karani mzikeni huko huko bomani. Kwangu asirudi."

Kamati ya Matayarisho ya Mapumziko Yasiyo Rasmi ilikutana rasmi siku chache baadaye. Mwenyekiti alikuwa Bwana Disii. Wajumbe walikuwa Ratilal, mwenye duka na lori, na Zumbe Mdoe, mkuu wa Magoma, ambaye aliombwa badala ya kuamriwa kwa sababu alikuwa mtu wa wilaya nyingine. Muhidini alikuwa mwandishi.

"Magoma kuna uwanja katikati ya mji?" aliuliza mwenyekiti.

"Kuna mahali wanapolala mbuzi," akasema Zumbe Mdoe.

"Andika, uwanja upo. Kuna wazee wanaokaa uwanjani bila kazi yoyote?"

"Hao wapo wengi. Ila wanakaa hivi hivi tu, hakuna aliyewafundisha."

"Wafundishwe. Glasi za mvinyo?"

Ratilal alifikiri. "Glasi ya mvinyo dukani kwangu hakuna, bwana. Bilauri ya chai iko. Kikombe cha kuoshea macho kiko pia."

"Bilauri ya chai."

"Na petroli ya lori, bwana? Siku hizi za vita, bila kazi ya Serikali sipewi hata ya kuwashia taa."

"Hii ni kazi ya Serikali."

"Isiyo rasmi," Muhidini alikumbusha kwa heshima.

"Ni kazi ya Serikali isiyo rasmi. Andika hivyo."

Kisha Bwana Disii akasimama, akatoa waraka alioutunga mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Aliuita Waraka wa Urafiki. Ulisema kwamba huko Magoma familia ya Penfold itakuwa ya watu wa kawaida. Mtu yeyote asiwapigie saluti, asiwasimamie, asiwaite bwana wala memsabu. Watu wote watacheka nao, watawatania, na kula nao sahani moja. Urafiki huo ni wa hiari, na asiyeufanya ataadhibiwa.

Zumbe Mdoe aliomba asomewe tena. Muhidini akasoma tena.

"Na yeye tukimtania, atakasirika?"

"Mtu wa kawaida hakasiriki," Bwana Disii akasema.

"Basi nimeelewa," akasema Zumbe, akaondoka akitabasamu namna ambayo Muhidini hakuipenda.

Alhamisi alfajiri lori likaondoka. Memsabu na mumewe walikaa mbele na Ratilal. Muhidini alikaa nyuma juu ya magodoro pamoja na watoto, vitanda vya kukunja, beseni la kuogea, na kibao cha mbao kilichoandikwa KARIBUNI MJI MDOGO. Walipokaribia Segera alitazama upande wa Kabuku mpaka shingo ikauma. Walivuka mto, wakapita Manundu katikati ya wachuuzi waendao kwa miguu, na saa za adhuhuri wakaingia Magoma, kwenye harufu ya miwa.

Wazee walikuwa wamefundishwa vizuri. Walikaa safu moja, wote wakitazama upande mmoja, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Lori liliposimama hakuna aliyeinuka. Bwana Disii alifurahi sana. Akafungua mlango, akashusha mguu.

Mguu haujagusa chini, Zumbe Mdoe alikuwa ameshamvua kofia, ile kofia ngumu ya Serikali, na kuivaa mwenyewe.

"Karibu, mtani! Mbona unakuja tumbo mbele na mikono mitupu? Kwenu hakuna hata kuku?"

Wazee wakacheka. Bwana Disii akacheka pia, kwa kiasi kinachotakiwa. Alipogeuka kuchukua kiti chake cha turubai, kilikuwa tayari kimekaliwa na mzee Yordani, ambaye alikuwa akikijaribu kwa kukiyumbisha.

"Muhidini," alisema kwa sauti ya chini, "hawa wanafanya nini?"

"Wanatekeleza waraka, bwana."

"Mimi sikuandika kofia."

Zumbe Mdoe akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. "Tulifanya baraza juu ya karatasi yako. Tukaulizana, ni mtu gani ambaye humwamkii, humsimamii, mnatukanana na kucheka, mnakula sahani moja, na akikasirika kosa ni lake? Mjomba siye. Mkwe ndiyo kabisa siye. Tukaona huyo ni mtani. Wazungu tumekaa nao miaka yote hii tukidhani ni watawala. Kumbe ni watani, ila hamkutuambia mapema. Sisi mtani akija hatumfichi kitu, na chake ni chetu."

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kupitishwa na baraza, hivyo halikuwa na rufaa.

Memsabu hakuwa amelisikiliza. Alikuwa ameshafika kwa Justa, mjane aliyesifika kwa boha kuliko wote pale, na amepewa bilauri yake ya chai imejaa. Alionja, akafumba macho kama walivyokuwa wakifanya kule kwa Wafaransa.

"Huu ni wa mwaka gani?" aliuliza.

"Mwaka?" Justa alimtazama kwa huruma. "Mama, hii ni ya juzi. Ya jana bado uji wa watoto. Ya juzi ndiyo yenyewe. Iliyotangulia juzi ni ya hawa wazee, na iliyotangulia hiyo tunawawekea wakwe tusiowapenda."

Memsabu akacheka. Alicheka mpaka bilauri ikamwagika, mpaka watoto wakaja mbio kuona mama yao kapatwa na nini. Muhidini aliandika kwamba lengo la kwanza la mapumziko limefikiwa.

Bwana Disii naye akaomba bilauri yake. Justa akampa mchi.

"Mtani wa kiume hatengewi. Miwa ile pale imeshamenywa. Twanga kwanza, tukamue, tutie matunda ya mwegea ya kuichachusha, ilale. Keshokutwa utakunywa ya mkono wako mwenyewe."

Mtu wa kawaida hawezi kukataa. Bwana Disii akakunja mikono ya shati, akaanza kutwanga katika kinu kile cha gogo. Watoto wake walitwanga vizuri, kwa zamu, wakihesabu. Yeye vipande vya miwa vilimruka mpaka masikioni.

"Huyu nani alimwajiri?" Yordani aliuliza kutoka kwenye kiti cha turubai.

"Alikuja na barua," akasema Zumbe kutoka chini ya kofia.

"Basi mwandikieni arudishwe. Kazi yake hairidhishi, na anajibu kwa macho."

Bwana Disii akautupa mchi chini. "Imetosha! Mimi ni Bwana Disii!"

Wazee wakasogea karibu. Si kwa hofu. Walisogea kama watu wanaoona mvua inakuja shambani kwao.

"Disii wa wapi?" akauliza Zumbe.

"Wa Handeni!"

"Handeni iko wapi, wazee?"

"Ng'ambo ya mto!" wazee waliitikia pamoja, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa.

"Na hapa ni wapi?"

"Korogwe!"

"Mtani amekasirika," Zumbe akatangaza kwa masikitiko makubwa. "Nyote mashahidi. Ni faini. Tuchukue nini kwake?"

Wazee walianza kutaja mbuzi. Bwana Disii hakuwa na mbuzi. Wakataja beseni. Hapo ndipo Muhidini aliposimama.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu wafike, kalamu mkononi, akilitazama jua likielekea upande wa kesho. Akatoa waraka mfukoni, akaufungua.

"Karatasi inasema watu wote," alisema. "Na mimi ni mtu."

"Ni mtu," wazee wakathibitisha.

"Bwana..."

"Usimwite bwana!"

Muhidini akaikunja karatasi. Katika utumishi wake wote hakuwahi kumtania mkubwa, hakujua hata pa kuanzia. "Penfold," akasema, "masikio yako ni kama... kama vipini vya birika."

Wazee walilifikiria hilo.

"Si zuri sana," akasema Yordani, "lakini kwa anayeanza, linapita."

"Na faini yako naichukua mimi. Nalichukua hili lori mpaka Kabuku, na nazichukua siku za kumwozesha mwanangu."

"Nakukatalia!" Bwana Disii alipiga kelele.

"Amekasirika tena," akasema Zumbe. "Sasa ni faini mbili."

Memsabu alikuwa amesogea, kanga ya Justa begani. "Kuna arusi?"

"Iko, memsabu. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Ngoma inaanza leo."

"Arusi ya kweli? Na watu wa mji wote?"

"Na mbwa wao."

Memsabu alimtazama mumewe, akakitazama kinu, akapanda mbele ya lori. Watoto walikuwa tayari juu ya magodoro. Ratilal akazungusha hendeli, injini ikanguruma, akaingia kwenye usukani.

"Ratilal!" Bwana Disii akaita. "Nakuamuru usiondoke!"

"Mimi nimekodiwa kusafirisha familia, bwana," akajibu Ratilal. "Familia iko ndani."

"Na mimi?"

"Wewe hujamaliza kutwanga," akasema Justa.

Semboja alipendeza sana katika lile koti. Ijumaa alikuwa amekaa karibu na shehe, amejipaka mafuta, anakohoa kidogo kidogo kuitengeneza sauti, na mkono wake umeshaanza kusogea kwa bwana arusi. Muhidini aliingia kutoka upande wa wanawake, alikokwenda kumwona mkewe kwanza. Alikuwa amepiga honi tangu alfajiri, kila walipopita nyumba ya mtu wanayemjua, na kanzu yake ilikuwa bado na mavumbi ya njia ambayo maji hayakuweza kuyatoa.

"Nilijua utachelewa," alisema Semboja, "nikakushikia nafasi."

"Umeishika vizuri, ndugu yangu. Sasa iachie."

Watu wakasogea. Muhidini akakaa, akamshika mkono bwana arusi. Sauti ile iliyosoma kodi na chanjo bila kutetereka hata siku moja ilianza vizuri, ikaenda vizuri, kisha ikapotea kwenye jina la Mwantumu. Shehe akamsubiri. Ilibidi alianze upya, na safari hii akalifikisha.

Kwa wanawake vigelegele vikapasuka. Kimoja kilitoka vibaya, kikavunjika katikati. Kilikuwa cha memsabu. Wakamfundisha tena na tena mpaka jioni, naye akawa anacheza na kanga mbili, moja ya Justa na moja aliyopewa na Nirmala, mke wa Ratilal, kabla hawajaondoka Handeni. Watoto wake walilala mkekani vidole vina pilau. Alimwambia mama Mwantumu kwamba ni mji ule ule wa Wafaransa, isipokuwa hapa chakula ni kizuri zaidi.

Walikwenda kumchukua Bwana Disii Jumapili. Alikuwa ameungua jua, mikono ina malengelenge, hana kofia. Justa alitoa taarifa kwamba kwenye kutwanga sasa anaaminika, lakini kwenye mwegea bado.

Jumatatu bomani, Bwana Disii akaamuru karani mkuu ashitakiwe Tanga kwa Bwana Mkubwa wa Jimbo. Alitoroka kazini. Alichukua lori. Muhidini mwenyewe ndiye aliyepewa kuandika mashitaka, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye mwandiko mzuri. Aliandika kwa uaminifu mpaka mahali fulani, akasimamisha kalamu.

"Samahani, bwana. Nilitoroka kutoka wapi?"

"Kutoka Magoma!"

"Tanga watauliza tulikuwa tunafanya nini Magoma, wilaya ya mwenzetu. Niandike tulikuwa livu?"

Bwana Disii akaichukua karatasi, akairudisha. Livu ilikuwa imekatazwa na Tanga, wala yeye hakuwa ameomba.

"Andika kazi ya Serikali."

"Kazi gani, bwana? Kutwanga?"

Nje, Kakuta alisikika akiuliza tena habari za ndama wake.

"Kwa unyenyekevu, bwana," Muhidini akasema, "petroli imetumika na lori limeonekana Manundu, Segera na Kabuku. Ni lazima mmoja wetu alikuwa livu. Kwa Mwafrika aliye na arusi ya mwanawe kanuni inaruhusu, hata wakati wa vita, Bwana Disii akikubali. Inamruhusu kusafiri na familia yake kwa gari lililokodiwa na Serikali. Haisemi familia ya nani."

"Na mimi? Utaniandika kama mgeni wako?"

"Wageni hawaruhusiwi, bwana. Inaruhusiwa familia, na mtumishi mmoja."

Bwana Disii alikisogeza kidau cha wino. Kisha akasema, "Andika," akatia sahihi.

Tanga walijibu upesi kuliko desturi yao. Waliridhika na livu ya karani. Hata hivyo, waliona kwamba mtumishi aliyefuatana naye alibaki Magoma, mahali penye pombe, siku zote ambazo bwana wake alikuwa Kabuku. Tabia hiyo isiachwe ikaota mizizi. Mtumishi huyo aonywe kwa mdomo na bwana wake, bwana akiwa ameketi na mtumishi amesimama, mbele ya shahidi mmoja, na taarifa ya kutekelezwa ipelekwe.

Amri ya Tanga haibishaniwi. Ratilal aliitwa awe shahidi, akaja na koti lake la Diwali. Muhidini akakaa kwenye kiti kikubwa nyuma ya meza. Bwana Disii akasimama mbele yake, mikono pembeni.

"Umelielewa kosa lako?"

"Nimelielewa."

"Utarudia?"

"Sitarudia." Bwana Disii alimtazama Ratilal, Ratilal akatazama dari. "Sitarudia, bwana."

Muhidini alimwangalia. Kanuni zilimruhusu kuendelea, zilimruhusu hata kumwachisha kazi siku hiyo hiyo. Aliona asifike huko. Mtu mwenyewe alikuwa na mke na watoto.